Mama ndiye anayekunywa dawa, mimi ndiye nisiyelala

SWALI: Jambo Mama Docta. Nina miaka 18, tunakaa Katuba hapa Lubumbashi, niko mwaka wa sita na mwaka huu ninapita Exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mwezi wa tisa Mama alilazwa kwa kifua kikuu, na mimi ndiye niliyelala naye hospitalini. Walipompima damu wakakuta ana virusi vya sida (UKIMWI). Aliniambia yeye mwenyewe, usiku: "Usimwambie mtu. Hata Mungu akikuuliza, nyamaza." Sasa ni miezi minne. Amerudi nyumbani, anatembea, anapika, lakini sokoni bado mimi ndiye ninayeuza unga mahali pake nikitoka shule. Dawa amezitoa kwenye chupa, amezifunga katika mfuko wa nailoni na kuzifukia ndani ya gunia la unga. Za sida anakunywa asubuhi na jioni, na nimesikia wengine wanakunywa mara moja tu. Je, ugonjwa wake umezidi? Baba alikufa miaka minne iliyopita, alikohoa sana. Tantine, dada ya Baba, anasema Mama alileta laana katika ukoo wao. Mdogo wangu ana miaka 8, hajui kitu, ni mtoto wa kuumwaumwa masikio tu. Mimi silali. Nikifungua daftari naona herufi zinatembea. Nina kikombe changu nakificha chini ya kitanda mtu asikitumie, halafu nalia kwa aibu. Wakati mwingine namkasirikia Mama, hata kumtazama siwezi. Na kuna kijana tunapendana: akijua, si atanikimbia? Nifanye nini?

JIBU: Binti yangu, umeuliza mengi kwa ajili yako na nitayajibu, lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza. Nilipofika pale uliposema mdogo wako ni wa "kuumwaumwa masikio tu", nilirudi nyuma nikaisoma barua yako upya. Mengine yote yanaweza kungoja. Hilo lisingoje.

Mtoto aliyezaliwa na virusi bila kupata dawa huugua mapema. Karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa sababu hiyo watu huamini kwamba mtoto akifika miaka 8, anakimbia na kucheza mpira, basi huyo alisalimika. Sivyo. Wapo ambao virusi huwaendea polepole. Wanafika shule ya msingi, wengine wanafika ujana, na dalili zao ni zile ndogondogo ambazo nyumba nzima imezizoea: sikio linalotoa usaha kila mara, vipele visivyoisha, mtoto kubaki mfupi kuliko wenzake wa rika moja. Sisemi mdogo wako anavyo. Masikio huwauma watoto wengi ambao damu yao ni safi kabisa. Na hata mama asipopata dawa yoyote wakati wa mimba na kunyonyesha, watoto walio wengi hawaambukizwi. Hatari iko kati ya asilimia 15 na 45. Ila huwezi kujua mtoto wako yuko upande gani kwa kumtazama. Tone la damu ndilo linalosema.

Kwa hiyo mama akikutwa na virusi, watoto wake wote aliowazaa wapimwe, awe na miaka 2 au 20. Na wewe umo. Naona umeandika barua ndefu kuhusu kila mtu ukajisahau. Kipimo ni cha kidole, jibu hutoka kama dakika 20. Likionyesha virusi, haliaminiwi mara moja. Damu hurudiwa kwa vipimo vya aina nyingine kabla ya mtu kuambiwa neno. Na kama mtoto anavyo, dawa zipo. Siku hizi watoto wanapewa dolutegravir, dawa ileile nzuri waliyo nayo wakubwa, kwa kufuata kilo zao, si umri wao.

Usimchukue mdogo wako kimyakimya. Mwenye ruhusa ni Mama, na ukimzunguka katika hili atakufungia mlango katika mengine. Mwambie hivi, wakati mnachambua mboga au kazi nyingine ya mikono, maana mazungumzo ya uso kwa uso humfanya mtu ajitetee: "Mama, siku ya kuchukua dawa zako twende wote watatu. Docta anasema watoto wote wapimwe, na sikio la mdogo wangu litazamwe hapohapo." Mdogo wako aambiwe kwamba anaenda kupimwa kwa ajili ya sikio na kwa sababu Mama alikohoa. Yote mawili ni kweli. Habari ya Mama ataambiwa kidogokidogo kadiri anavyokua. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2011 linashauri watoto wa umri wa shule waelezwe hali ya mzazi kwa kipimo cha akili yao, kwani kuwaficha hadi wajigundulie huwaumiza zaidi. Lakini si wewe wa kuanza kazi hiyo, wala si mwezi huu.

Sasa kikombe. Virusi vya sida havikai kwenye kikombe, wala kwenye sahani ya bukari, kiti cha choo, shuka au jasho. Ungeweza kunywea kikombe cha Mama maisha yako yote. Hofu hiyo inawapata hata wauguzi ndugu yao anapougua, kwa hiyo aibu iache. Kitoe tu chini ya kitanda, kioshe, kiweke pamoja na vingine.

Ajabu ni kwamba kilichoweza kweli kupita kutoka kwa Mama kuja kwenu hukukitaja hata kidogo. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mama alikohoa kwa muda kabla ya kulazwa, nanyi mlikuwa mnalala nyumba moja. Ndivyo ilivyo kwetu: vikombe tunavichemsha, madirisha tumeyafunga! Kwa kawaida mgonjwa aliyemeza dawa sahihi kwa wiki mbili hivi haambukizi tena, kwa hiyo leo Mama si hatari kwenu. Swali ni yale majuma ya kabla. Wewe na mdogo wako mwende mkatazamwe: kikohozi, homa za jioni, kupungua kilo, kutoka jasho usiku. Umesema hulali. Kama usiku unaamka nguo zimelowa, hiyo usiiite mawazo; ipeleke kwa daktari. Na kama mko wazima, muulize muuguzi kuhusu dawa za kukinga, zipo.

Kidonge cha jioni nacho kinatokana na kifua kikuu. Ndani ya dawa za TB mna rifampisini, na hiyo hulifanya ini liimalize dolutegravir haraka kabla haijatimiza kazi yake. Ndiyo maana Mama anaongezewa dolutegravir nyingine baada ya saa 12. Ugonjwa wake haukuzidi. Matibabu ya TB kwa kawaida ni miezi 6. Yakiisha, kidonge cha jioni kitaendelea wiki mbili kisha daktari atakiondoa, abaki na kimoja kwa siku kama hao uliowasikia. Asikiache mwenyewe kabla ya kuambiwa. Na kama anakunywa vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia, amwambie muuguzi, kwani baadhi huizuia dolutegravir kuingia mwilini zikimezwa pamoja.

Kuhusu gunia la unga: siku moja utampimia mteja meka (kopo la kupimia) ya unga na dawa za Mama ndani yake. Lakini tuseme hilo halitokei. Vidonge hivi havipendi unyevu. Ndani ya chupa yake kuna kile kifuko kidogo cha kunyonya maji, na nje ya chupa vinaharibika. Najua Mama anaogopa nini. Chupa inalia akiibeba, na kila mtu lupangoni, katika ua mnaokaa pamoja, anaijua sauti ile. Ijaze pamba juu ya vidonge, itanyamaza. Karatasi ya nje akitaka aifunike, lakini tarehe ya mwisho wa dawa ibaki inasomeka.

Nimekaa sana kwenye dawa kwa makusudi, kwa sababu najua unachokesha ukikifikiri: kwamba Mama anakufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, dawa zilipokuwa za wachache wenye pesa, ungekuwa na haki ya kukifikiri. Leo mtu anayekunywa dawa zake kila siku, akatibiwa na TB yake, anaweza kuzeeka na kuona wajukuu. Mwezi wa sita wa dawa wampime wingi wa virusi katika damu. Kwenu hiyo ni miezi miwili ijayo. Mama aulize yeye mwenyewe kipimo hicho, asingoje kukumbushwa. Jibu likiwa zuri, liangalieni pamoja, ulione kwa macho yako kwenye karatasi.

Na hapa ndipo ninapoona shida yenyewe ilipo kwa vijana wengi wanaonijia na habari kama yako. Ugonjwa umebadilika, nyumba hazikubadilika. Siku mzazi anapoambiwa ana virusi, nyumba hujipanga kwa ajili ya mazishi: mtoto mkubwa anakuwa baba au mama, biashara inahamia mikononi mwake, daftari linawekwa kando "kwa muda", ndoa inasahaulika. Kisha mgonjwa anapata nafuu, lakini hakuna anayesema "sasa turudishe vitu mahali pake", kwa sababu ugonjwa wenyewe hautajwi. Wewe umejipanga kwa ajili ya kifo ambacho hakiji, na kila jioni unaendelea kulipa.

Umeniandikia mwenyewe kwamba Mama anatembea na anapika. Anaweza basi kuanza kukaa sokoni nusu siku, siku mbili tatu kwa juma, kwenye kiti, nawe au jirani mkambebea gunia. Utaona ni ukatili kumwambia mgonjwa arudi kazini. Mimi naona kinyume. Mwanamke aliyekuwa akijilisha kwa unga wake, ukimnyang'anya kazi kwa huruma, unamwambia kila siku kwamba yeye ni maiti. Mrudishie kidogokidogo, na saa utakazopata zipeleke kwenye masomo. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu mwaka 2019, kwa hiyo kama mdogo wako bado mnamlipia shule ya watu binafsi, litazameni hilo kabla ya kugusa minerval yako, ile karo ya shule. Mwaka wa sita hauachwi kwa ajili ya gunia.

Sasa siri. Kuna methali ambayo watu wa kanisani na wa hospitalini wanapenda kumpigia mgonjwa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwangu mimi methali hiyo inamsema anayeficha maradhi kwa daktari. Mama yako kwa daktari hakuficha, na mbele ya majirani ana haki kamili ya kunyamaza. Nchi yetu ina sheria tangu tarehe 14 Julai 2008 inayowalinda watu wanaoishi na virusi, na kichwa chake kinataja pia watu walioguswa na ugonjwa huo. Hao walioguswa ni ninyi. Hakuna shule yenye ruhusa ya kukufukuza kwa ajili ya damu ya mama yako, wala mwenye kazi wa kukunyima kazi.

Lakini haki ya Mama kunyamaza haikufanyi wewe kuwa sanduku. Mtafiti Lucie Cluver na wenzake, waliofuatilia watoto wa wazazi wagonjwa wa sida Afrika Kusini kwa miaka, walikuta huzuni nzito na woga vikiwazidi watoto hao, na walipotafuta chanzo walikuta umaskini na kunyanyapaliwa vikifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Herufi zako zinazotembea na usingizi unaokukimbia si uchawi wala udhaifu. Ni mzigo wa watu wengi uliobebwa na mmoja.

Kuna watu ambao huwezi kuivunja siri hii mbele yao, kwa sababu wanaijua tayari. Muuguzi anayempa Mama dawa anaijua. Mshauri wa kituo anaijua, na kumsikiliza mtu wa nyumbani ni sehemu ya kazi yake. Nenda kwake siku ya dawa, sema: "Mimi ni binti yake, nataka nizungumze na mimi." Kiapo chako kitabaki kizima. Baadaye, Mama akiwa na nguvu, mwombe ruhusa ya mtu mmoja tu mkubwa, amchague yeye: dada yake wa tumbo moja, au rafiki yake wa siku nyingi. Usimwombe kwa kumtisha. Mwambie umechoka. Mama wengi hawajui kwamba mtoto amechoka, kwa sababu mtoto anaficha vizuri.

Hasira yako naielewa, na sidhani ni ubaya. Ugonjwa huu unamlazimisha mtoto amfikirie mama yake kama mwanamke, na baba yake kama mwanamume, jambo ambalo malezi yetu yote yamemkinga nalo. Kama angeugua figo usingelazimika kuwaza alikuwa na nani, lini, na nani alianza. Sasa mawazo hayo yanakujia bila kuitwa, halafu unamchukia kwa kukuletea. Yaache yapite. Huhitaji kuyajibu. Huwezi hata kuyajibu: kipimo cha damu husema virusi vipo, hakisemi viliingia mwaka gani wala vilitoka kwa nani. Na hukuniambia kama Baba alipimwa. Anayekuambia anajua nani alimwambukiza mwenzake, awe Tantine au mwingine yeyote, anabuni.

Na Tantine, kwa kuwa hajui kilichomo, hana anachojua zaidi ya uchungu wa kaka yake. Mwitikie kwa adabu, usibishane, usimfungulie mlango. Laana ya ukoo? Watafiti waliochunguza vinasaba vya virusi hivi, kazi iliyotoka mwaka 2014, wanaona vilianza kuenea kwa watu Kinshasa yapata mwaka 1920, vikasafiri pamoja na abiria wa reli, na kufika huku kwetu, mji ungali unaitwa Elisabethville, kabla ya mwaka 1950. Ukoo wenu haukuvileta. Vilikuja na treni. Kuhusu maombi sina ugomvi: muombeeni Mama, mfunge mkitaka, ila siku ya kufunga dawa zimezwe kama siku nyingine, na mchungaji atakayesema aziache kwa imani, msirudi kwake.

Kijana wako hana deni la kuambiwa habari za mama yako. Si habari yako kuitoa, na kuugua kwa Mama peke yake hakukufanyi wewe mgonjwa. Mkifikia kuoana, makanisa mengi hapa yatawaomba kipimo ninyi wawili. Mnaweza kukifanya mapema kwa hiari yenu, na ndicho kipimo kinachomhusu. Akikukimbia kwa jambo la mama mkwe, ni afadhali akimbie sasa. Ila ninavyokusoma, umeanza wewe kumkimbia yeye, kwa kujihukumu kabla hajasema neno.

Jambo la mwisho ni la kuliangalia mwezi kwa mwezi. Dawa za sida na za TB hutolewa bure, lakini bure hiyo imekuwa ikilipwa na wengine. Haut-Katanga ni kati ya mikoa iliyotegemea sana PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na sida, na Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa, kila mwenye mgonjwa alipata hofu. Kwa hiyo Mama asingoje chupa ikauke. Aende zikiwa zimebaki za wiki mbili. Hali yake ikitulia aombe dawa za miezi mitatu kwa mara moja, na aulize kama karibu nanyi kuna PODI, vile vituo vya mitaani ambako wanaoishi na virusi wenyewe hugawia wenzao dawa. Foleni ni fupi na hakuna anayemtazama mtu vibaya. Akiambiwa "dawa hakuna, rudi wiki ijayo", asirudi nyumbani mikono mitupu. Aombe hata za siku saba, na zikikosekana kabisa, aombe karatasi ya kumhamishia kituo kingine siku hiyohiyo, ikiwa na majina ya dawa zote mbili na ile ya TB. Karatasi hiyo uipige picha ukae nayo kwenye simu yako.